Sikio la Kushoto

Wengine walimchora mbwa mzima.
Mimi nilipewa sikio.
La kushoto, la kahawia, chupa namba kumi na nne.
Kwa miaka kumi na mmoja, ghorofa ya tatu
juu ya kiwanda cha nyuzi mjini Łódź,
ukiniuliza nafanya kazi gani, ningejibu: sikio.

Sekunde moja, picha kumi na mbili.
Filamu moja, dakika tisa.
Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilijaribu siku moja,
nikaona heri ninywe chai.

Aliitwa Kluska, yaani donge la unga wa viazi,
kwa kuwa mwandishi wetu, Ziemowit, alikuwa na njaa siku ile.
Hakusema neno. Alibweka tu,
na sauti yenyewe ilikuwa ya Apolonia wa mapokezi,
mama mnene mwenye pumu,
aliyeingia chumba cha sauti na mkoba wake kwapani,
akabweka mara tatu, akakohoa,
akarudi kupokea simu.
Watoto nchi nzima waliipenda pumu ile.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wanasema.
Kluska alikimbia akapita mti uleule mara tano,
ua lilelile, ndoo ileile iliyopinduka,
kwani karatasi ya mandhari ilikuwa fupi
tukaiunga mkia kwa kichwa.
Hakuna mtoto aliyelalamika.
Wao pia waliishi hivyo: mti uleule, ndoo ileile.

Kisha ukaja msimu wa baridi wa foleni.
Foleni ya nyama, foleni ya makaa,
foleni ambazo watu walijipanga kwanza
ndipo wakauliza mbele kuna nini.
Chupa namba kumi na nne ikakauka.
Nilingoja wiki mbili. Nikachukua nyekundu kidogo,
nyeusi kidogo, na masizi ya jiko letu,
nikakoroga kwa pini ya nywele.
Mkurugenzi akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha.
"Ni sikio tu," akasema. "Nani atalitazama?"

Barua ilifika mwezi wa tatu,
kwa penseli, herufi zikipanda kilima:
*Sikio la Kluska limekuwa jekundu. Anaumwa?
Kwetu tunapaka mafuta ya bata bukini.
Nimetia kidogo humu.*
Bahasha ilikuwa na doa kubwa kama sarafu.

Hakuna aliyecheka.
Apolonia alitoka nje kwenda kukohoa,
lakini sikusikia kikohozi.
Filamu iliyofuata, Kluska alifungwa kitambaa kichwani
na mbuzi wa jirani, adui yake wa tangu zamani,
akamletea supu.
Bata bukini hatukumchora. Adabu ilitukataza.

Sijakwambia habari za Ijumaa.
Seluloidi ilikuwa ghali. Picha ikishapita kwenye kamera
tuliiosha ili itumike tena:
wasichana sita, mikono majini hadi viwikoni,
na mbwa mia tisa wakitiririka kwenda mferejini,
maji ya kahawia, kisha ya waridi,
kisha maji.
Ukinidai ushahidi, sina.
Sina hata sikio moja.

Juzi mjukuu wangu Tymon aliniwekea simu mapajani.
"Bibi, tazama, mbwa wa kale."
Na kweli, mbio, mti, ua, ndoo,
na rangi inachezacheza ukingoni mwa sikio,
hapa imevuka mstari, hapa haikuufikia.
Nikamwonyesha kwa ukucha:
pale nilikuwa na homa.
Pale tuligombana na babu yako kuhusu viatu.
Pale nilikuwa na furaha, sikumbuki ya nini.

Na wekundu ulipoingia
sikumwambia kitu.
Nililifunika tu kwa kidole,
baridi isilipate.